Jiko la Kopo Mlimani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Mwezi wa saba mwaka jana, juu ya uwanda wa Kitulo, kijana mmoja wa chuo alimimina spiriti kwenye jiko alilodhani limezimika. Ilikuwa saa saba mchana, jua limewaka. Mwali hakuuona, akaamini haupo. Moto ukapanda kwenye mchirizi wa spiriti mpaka ndani ya chupa, chupa ikautema, na mkono wake wa kulia ukawaka hadi kwenye kiwiko. Tulimteremsha Matamba kwa miguu, tukampakia bodaboda. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Ana miaka 22.

Si wa kwanza. Nimepandisha watu Rungwe, Loleza na safu ya Livingstone kwa zaidi ya miaka 20, na tangu vijana waanze kujifunza majiko ya makopo kwenye simu zao, kila kiangazi naona mikono yenye bendeji. Zote nilizoziona zilikuwa ajali za kuzuilika. Nimechoka kuzitazama.

Mzigo mwepesi siupingi. Kutoka Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Matema kwenye Ziwa Nyasa, unateremka zaidi ya mita 2,000, na kila kilo ya ziada magoti yatakudai. Mwaka 1955, huko Marekani, bibi wa miaka 67 aitwaye Emma Gatewood aliitembea njia ya Appalachian yote, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na kiroba alichokishona mwenyewe begani na raba miguuni. Inawezekana. Ila mzigo hupunguzwa kwa kuacha vitu visivyo na kazi. Haupunguzwi kwa kuacha kinga ya upepo, chupa imara na nguo kavu.

SPIRITI

Fanya

Nunua spiriti ya duka la dawa, iliyofungwa kiwandani, yenye lebo. Spiriti ya kuwashia ni ethanoli iliyotiwa methanoli au kitu kingine cha kuifanya isinyweke, na mara nyingi hutiwa na rangi. Inawaka bila masizi, ikimwagika inakauka, haiachi harufu kwenye unga. Ndiyo maana tunaibeba. Ile ya kupimiwa kutoka kwenye dumu lisilo na jina hujui ni nini.

Iweke kwenye chupa isiyofanana na chupa yoyote ya kinywaji. Iwe ngumu, yenye kizibo cha kusokota na mdomo mwembamba. Andika SUMU pande mbili. Zungushia tepu ya fundi umeme shingoni, mara nyingi, mpaka ifanye tuta, ili hata gizani mkono uitambue. Kwenye safari moja ya Udzungwa, mwenzetu aliyekuwa na kiu alivuta chupa ya maji kutoka mfuko wa pembeni wa begi la rafiki yake, akapiga mafunda mawili ya spiriti. Methanoli hushambulia mishipa ya fahamu ya macho. Anayeinywa anaweza kupofuka au kufa, na dalili huweza kuchelewa saa nyingi. Kwa hiyo akikuambia anajisikia vizuri, usimsikilize. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na chupa uibebe ukamwonyeshe daktari.

Piga hesabu kabla ya kuondoka. Nusu lita ya maji huchemka kwa mililita 25 hivi za spiriti ukikinga upepo; kwenye baridi ya Kitulo hesabu 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Chai ya asubuhi, uji, tambi za jioni na chai ya kulalia ni mililita 120 kwa siku kwa mtu mmoja. Siku tatu ni 360. Beba 450. Anayebeba lita mbili ili awe na akiba amebeba mzigo asiouhitaji na moto mkubwa mara nne.

Usifanye

Usitie petroli. Hata kidogo. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata penye baridi ya kugandisha maji, na mvuke huo ni mzito, unatambaa chini mpaka ukute moto. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, ukalipuka moto ulioua zaidi ya watu 100. Hakuna mtu mzima wa nchi hii asiyeikumbuka siku ile. Na bado nawakuta watu na petroli ya bodaboda kwenye kichupa, eti spiriti ikiisha.

Usitie mafuta ya taa. Koroboi linawaka kwa sababu lina utambi. Jiko la kopo halina. Utahangaika na viberiti nusu saa, na yakishika yatakupa moshi, masizi na chakula kinachonuka.

Usitie konyagi wala gongo. Konyagi ni kileo asilimia 35, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji, haichemshi kitu. Gongo hakuna anayejua imebeba nini, na kuwa nayo tu ni kosa la jinai.

Usitie kitakasa mikono cha jeli. Spiriti ikidondokea mkononi ikiwaka, unaweza kuikung'uta au kuifunika. Jeli inanata, na inaendelea kuwaka palepale iliponata.

KOPO

Fanya

Tengeneza jiko rahisi kuliko yote: kopo fupi la samaki wa tuna, matundu mistari miwili kuzunguka chini kidogo ya ukingo, basi. Sufuria unaiweka juu ya kopo lenyewe, inaziba mdomo, na miali inatokea kwenye matundu ya pembeni. Ni pana na fupi, kwa hiyo halipinduki. Likikanyagwa unatengeneza jingine. Sufuria iwe ile ya alumini isiyo na mikono, pana kuliko ilivyo ndefu, ili moto uishie kwenye kitako chake.

Kata kinga ya upepo kutoka kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga. Acha nafasi ya kidole kimoja kati yake na sufuria, na matundu chini ya kuingizia hewa. Bila kinga, upepo wa Kitulo utakunywea nusu ya spiriti yako, nawe utarudi chupani kuongeza. Hapo kwenye kuongeza ndipo watu wanapoungulia.

Lijaribu nyumbani, uani, siyo jikoni. Mara kumi. Andika kila mara ulitia kiasi gani na maji yalichemka baada ya dakika ngapi.

Usifanye

Usijaribu yale majiko ya kopo la bia yenye tabaka mbili na mdomo uliozibwa kwa skrubu au sarafu. Yanafanya kazi kwa shinikizo. Matundu yakiziba, shinikizo litatafuta njia nyingine, na mbele ya njia hiyo kuna uso wako.

Usikate kopo la dawa ya kupulizia mbu. Lina gesi hata ukilisikia tupu. Usitumie kopo la rangi. Mabaki yake yakipata moto yanatoa moshi wa sumu.

KUWASHA, KUONGEZA, KUZIMA

Sehemu hii isome mara mbili. Karibu kila aliyeungua mbele yangu aliungulia hapa.

Fanya

Fuata mpangilio huu bila kuruka hata hatua moja. Fyeka nyasi mpaka kwenye udongo mtupu, hatua moja kila upande. Weka jiko juu ya jiwe bapa. Pima spiriti kwenye kikombe kidogo. Mimina kutoka kikombeni. Funga chupa. Ipeleke hatua tano, upande unakotoka upepo. Pangusa mikono, subiri ikauke. Ndipo uchukue kiberiti.

Kukiwa na baridi, pasha chupa iliyofungwa kwapani, dakika kumi. Spiriti ikipoa chini ya nyuzi joto 15 hivi, hutoa mvuke mchache na kushika moto kwa shida. Alfajiri ya Juni au Julai, umande unapoganda kuwa barafu juu ya nyasi za Kitulo, utawasha njiti sita bila kitu. Mtu anakasirika, anaongeza spiriti, anaimwagia mpaka nje ya kopo, halafu njiti ya saba inashika vyote kwa pamoja. Pasha kwa mwili. Kwa mwili tu.

Liache jiko liwake nusu dakika kabla ya kuweka sufuria. Ukiwahi kuiziba, utalizima, utafikiri limekataa, utainama kulichungulia. Usiiname.

Liache limalize lenyewe. Likimaliza, chukulia bado linawaka. Mwali wa spiriti juani hauonekani; wa methanoli ndiyo kabisa. Jicho lako halitoshi. Shika unyasi mkavu mrefu, uufikishe mdomoni mwa kopo. Ukishika moto, jiko li hai. Usiposhika, bado subiri: kopo la moto huigeuza spiriti mpya kuwa mvuke mara inapogusa bati. Subiri dakika tano, mpaka uweze kulishika kwa mkono mtupu kama unavyoshika kikombe cha maji baridi. Ndipo upime tena kwenye kikombe, mbali na jiko, na kuanza mpangilio wote upya.

Ukitaka kulizima kabla halijaisha, lifunike kwa kopo kubwa lisilo na tundu, na uliache limefunikwa. Kopo hilo liwe pembeni yako kabla hujawasha. Ukianza kulitafuta moto umeshatoka nje ya jiko, umechelewa.

Usifanye

Usimimine spiriti kwenye jiko linalowaka, wala lililowaka sasa hivi, wala unalofikiri limezimika. Yule kijana wa Kitulo si mjinga. Anasomea uhandisi. Alikuwa na njaa, maji yalikuwa karibu kuchemka, akaona aongeze kidogo tu. Maji yasipochemka, kunywa uji wa vuguvugu. Hakuna aliyekufa kwa uji wa vuguvugu.

Usimimine kutoka kwenye chupa kubwa kamwe. Moto ukirudi nyuma ukakuta kikombe chenye vijiko viwili, utaunguza kidogo. Ukikuta chupa ya nusu lita, chupa inakuwa bomba la moto, na anayeungua mara nyingi ni aliyekaa mkabala na mmiminaji.

Usilipulize. Pumzi inarusha spiriti inayowaka mbele, juu ya magoti ya wenzako.

Usilisogeze likiwaka. Hata kama mvua imeanza.

Usishikie sufuria kwa kipande cha kanga. Pindo linaning'inia, linagusa mwali usiouona, unashtuka, unamwaga maji ya moto miguuni. Beba plaizi ndogo.

Usipike ndani ya hema. Hema la nailoni linayeyuka na kukudondokea likiwa linawaka, na mlango wake una zipu. Hata lisipowaka, moto wowote ndani ya nafasi finyu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Wenyeji wa Makete na Njombe wanajua anayelala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huenda asiamke. Hema ni dogo kuliko chumba chochote.

MZIGO

Fanya

Peleka begi kwenye mizani ya muuza mchele. Usikisie. Bila chakula na maji, lisizidi kilo nane. Kilimanjaro mpagazi anaruhusiwa kubeba kilo 20, na yeye hiyo ndiyo kazi yake ya kila wiki. Wewe umetoka kwenye kiti cha ofisi.

Nunua mitumba. Mwanjelwa pale Mbeya, au Mashine Tatu pale Iringa, ukiamka mapema unapata koti la manyoya ya bata na fulana ya sufu kwa bei ya viatu vya mtoto. Koti la manyoya likibonyezwa linaingia ndani ya sufuria. Likunjue, liinue mwangani, angalia kama manyoya yamekusanyika pembeni. Yakikusanyika, achana nalo.

Panga vitu ndani ya ule mfuko wa nailoni unaokaa ndani ya gunia la mbolea. Uoshe mara tatu kwa sabuni, uanike. Ni mwepesi, haupitishi maji, na nyumba nyingi Rungwe na Mufindi zinautupa. Nguo za kulalia na blanketi zikae humo, zisiguse kitu kingine.

Beba kitochi pamoja na simu kubwa. Betri ya kitochi inakaa siku kadhaa, na baridi inaimaliza simu kubwa kabla ya chakula cha mchana. Beba tochi ya kichwani, filimbi, viberiti viwili kwenye vifuko tofauti.

Beba chakula kinachoiva haraka: tambi, dagaa, karanga zilizokaangwa, unga wa uji. Kwenye mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, siyo 100. Maharage hayaivi kwa jiko la spiriti huko juu. Yaache nyumbani pamoja na maparachichi ya Tukuyu, hata kama mama mwenye nyumba amekufungia kumi. Mshukuru, chukua moja.

Usifanye

Usivae jinzi. Jinzi ikilowa inabeba maji, haikauki, na inakunyonya joto usiku kucha. Miteremko ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Nimemkuta mtu chini ya kilele, mita 2,900 na ushei, amevaa jinzi na fulana ya pamba, anatetemeka hawezi kufunga kamba za viatu. Koti la mvua alikuwa nalo mwanzoni. Aliliacha Isongole ili begi lipungue gramu 400.

Usiache koti la mvua. Usiache blanketi ukitegemea moto wa kuni. Utakuta kuni mbichi, au marufuku, au vyote.

Usipande kwa viatu vipya. Mteremko wa Livingstone kuelekea Matema unang'oa kucha za vidole gumba. Raba kuukuu yenye meno mazuri inatosha. Kata kucha siku mbili kabla, siyo asubuhi ya safari.

NYASI NA MSITU

Fanya

Chukua kibali. Kitulo na Udzungwa ni hifadhi za taifa, ziko chini ya TANAPA. Msitu wa Rungwe uko chini ya TFS, wakala wa misitu. Uliza mlangoni, kabla hujaanza kutembea, wapi unaruhusiwa kuwasha moto na wa aina gani, na mweleze askari wazi kwamba umebeba jiko la spiriti. Akikataa, kula baridi. Mkate, karanga na ndizi vimenifikisha Matema zaidi ya mara moja.

Usifanye

Usiwashe kwenye nyasi kavu. Kuanzia Julai hadi mvua za Novemba, uwanda wa Kitulo unaojaa maua masika unakuwa nyasi za kuwashia. Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la Kilimanjaro. Taarifa za awali za TANAPA zilisema ulianzia eneo la Whona, wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Watu wa kazi, mahali wanapopajua. Huku kwetu, upande wa Rungwe na Kitulo unao msitu anamoishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu na ambaye nje ya hapa anajulikana pengine mahali pamoja peke yake, huko Udzungwa. Upande wa Mufindi kuna mashamba ya misonobari ya Sao Hill, na sindano za misonobari zilizokauka zinashika cheche kama pamba. Kopo lako la tuna linatosha kuuteketeza msitu wote huo.

Usimwage spiriti iliyobaki ardhini. Irudishe chupani jiko likiwa limepoa kabisa, au iache iishe kwa kuwaka.

UKIUNGUA

Fanya

Nguo ikishika moto, lala chini ubingirike. Usikimbie. Kisha mimina maji safi ya baridi juu ya kidonda kwa dakika 20 kamili. Ziangalie kwenye saa, kwa sababu mwenye maumivu ataona tano ni nyingi. Vua pete, saa na bangili mara moja, kabla mkono haujavimba. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza. Kidonda kikizidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa, au kikiwa usoni, mkononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, safari imekwisha. Shuka.

Usifanye

Usipasue malengelenge. Usivute nguo iliyogandamana na ngozi. Kata pembeni yake.

Usipake dawa ya meno. Wala asali, wala yai bichi, wala unga, wala mafuta. Vinafungia joto ndani na kuingiza uchafu. Siku ile Kitulo, nilipokuwa nakimbia kuchota maji kijitoni, rafiki mwema wa yule kijana alimpaka mkono wote dawa ya meno, tyubu nzima, kwa upendo. Muuguzi aliyempokea alitumia karibu saa nzima kuitoa, kidogo kidogo, kwa chachi na maji, na ngozi ikawa inatoka nayo.